Mkono Unaotetemeka: Puto la Nairobi, Mgonjwa wa Garissa na Kilomita 370 Katikati

Mtu anayesafishwa damu kwa mashine akikuruhusu kugusa mkono wake karibu na kiwiko, utashtuka. Mshipa unatetemeka chini ya ngozi kama simu iliyowekwa vaibresheni na anayepiga hataki kukata. Usiku unatetemeka, mchana unatetemeka, akiwa amelala unatetemeka.

Mtetemo huo ndio uhai wake. Siku ukinyamaza, mashine ya dayalisisi iliyo umbali wa boda ya shilingi mia moja haina maana kwake, kwa sababu damu haina njia ya kuifikia.

Hapa Garissa tumezoea kuongea juu ya mashine. Ziko ngapi, ngapi zimekufa, foleni ikoje. Ni haki yetu kuuliza. Lakini kuna swali la pili ambalo watu wengi hawaulizi mpaka maji yafike shingoni: huo mshipa ukianza kuziba, nani atauzibua, na wapi? Jibu lipo, na ni kapuliziwa kadogo, puto lenye unene wa penseli. Shida ni kwamba kwa wengi wetu huku Kaskazini Mashariki puto hilo linapatikana mwisho wa barabara ndefu, na anayelifikia kwa wakati ni yule aliyeng'amua mapema kwamba mkono umebadilika.

Niseme wazi kabla hatujaenda mbali: mimi si daktari, hata kolegi yenyewe niliiacha njiani. Ila mambo haya yameandikwa, yanasomeka, na ukiyajua unaweza kumsaidia hooyo au abti wako kabla mambo hayajaharibika.

MSHIPA WA KUTENGENEZWA

Anza na hesabu. Mashine ya dayalisisi huvuta damu kama mililita 300 kila dakika. Hiyo ni chupa moja ya soda, ile ya glasi, kila dakika, kwa saa 4. Ukijumlisha, ni lita 72 zinazopita kwenye mashine kwa kikao kimoja, karibu mitungi mitatu na nusu ya lita ishirini. Mtu hana damu nyingi hivyo, bila shaka. Ni ile ile lita 5 hivi inayozunguka na kurudi.

Sasa vena ya kawaida ya mkono, ile nesi anaitafuta akitaka kukutoa damu ya kupima malaria, haiwezi kutoa kasi hiyo. Ukiivuta kwa nguvu inajikunja kama mrija wa juisi. Ateri nayo ina nguvu ya kutosha lakini iko ndani sana, na kuidunga sindano nene mara kwa mara ni hatari.

Kwa hivyo daktari wa upasuaji hufanya ujanja. Huunganisha ateri na vena, mara nyingi kwenye kifundo cha mkono au kiwiko, ili damu yenye kasi ya ateri iingie moja kwa moja kwenye vena. Baada ya wiki kadhaa, mara nyingi 6 hadi 8 na kwa wengine zaidi, vena inapanuka, inakuwa nene na ngumu, tayari kwa sindano mbili za dayalisisi: moja ya kutoa damu, nyingine ya kuirudisha. Ikishakomaa vizuri hupitisha mililita 600 au zaidi kwa dakika. Ule mtetemo unaousikia ni damu hiyo ikipita kwa fujo.

Muungano huo huitwa fistula. Na hapa kuna jambo la kuwekana sawa, kwa sababu limeshaleta aibu zisizo na sababu. Watu wengi wakisikia neno fistula wanafikiria nasuri, lile jeraha ambalo akina mama hupata baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu. Ni neno moja kwa vitu viwili tofauti kabisa. Abti akiambiwa ana fistula mkononi hakuna cha kuficha.

Ujanja huu una miaka. Mwaka wa 1960 kule Seattle, Marekani, Dkt Belding Scribner alitumia mirija ya teflon iliyokaa nje ya mkono ili mgonjwa aunganishwe na mashine tena na tena. Ilifanya kazi lakini ilikuwa inaganda damu na kushika vijidudu. Halafu mwaka wa 1966, madaktari Michael Brescia na James Cimino wa hospitali ya maveterani ya Bronx, New York, pamoja na wenzao, wakatangaza njia ya kuunganisha mishipa ya mgonjwa mwenyewe, bila plastiki ndani. Zaidi ya nusu karne baadaye, bado ndiyo njia inayotegemewa sana duniani, na ndiyo ile ile unayoikuta kwenye mikono ya wazee wetu hapa.

KWA NINI UNAZIBA

Vena haikuumbwa kubeba kasi ya ateri. Ni kama kuchukua njia ya bodaboda mtaani na kupitisha malori ya mizigo ya Mandera usiku na mchana. Ukuta wa ndani wa mshipa unapigwa, unachubuka, unajitengeneza, na kila ukijitengeneza unaongeza nyama kidogo. Nyama hiyo inaongezeka mpaka njia inakuwa nyembamba. Mahali panapopenda kuumia ni pale karibu na muungano wenyewe, na pale juu karibu na bega ambapo vena inajikunja kabla ya kuingia kifuani.

Kuna chanzo kingine ambacho hakitajwi sana. Wagonjwa wengi huanza dayalisisi ghafla, wakiwa wamefika hospitali hali ikiwa mbaya, na wanawekwa katheta, ule mrija wa shingoni au chini ya mfupa wa bega. Mrija huo unaokoa maisha siku hiyo. Lakini ukikaa muda mrefu unakwaruza vena kubwa za kifua na kuacha kovu. Baadaye fistula ikitengenezwa upande huo huo, damu inafika juu inakuta geti limefungwa nusu, na mkono mzima unavimba.

Njia ikiwa nyembamba, mambo mawili hutokea. La kwanza, dayalisisi inakuwa hafifu. Mgonjwa anakaa kwenye kiti saa zake 4 lakini damu haisafishiki vizuri, anarudi nyumbani bado amechoka, miguu imejaa, chakula hakipandi. La pili ni baya zaidi. Damu inayopita polepole huganda, na siku moja mtetemo unakufa kabisa.

PUTO LINAVYOFANYA KAZI

Zamani mshipa ukiziba, kazi ilikuwa ya kisu. Kisha mwaka wa 1964, huko Portland, Oregon, Dkt Charles Dotter akamhudumia mwanamke wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa karibu kukatwa kwa kukosa damu. Badala ya kupasua, alipitisha mirija ndani ya ateri na kuipanua kutoka ndani. Mguu ukapona. Madaktari wengi wa nchi yake walimwona kama mtu wa vituko.

Aliyeipa njia hiyo sura ya leo ni Mjerumani, Andreas Grüntzig, aliyekuwa akifanya kazi Zürich, Uswisi. Alitengeneza maputo yake ya kwanza jikoni kwake nyumbani, kwa gundi na mirija ya plastiki, akisaidiwa na mke wake na msaidizi wake. Mwaka wa 1974 alilitumia kwenye ateri za mguu, na Septemba 1977 akafungua mshipa wa moyo wa mtu aliyekuwa macho, hajalazwa usingizi. Dunia nzima ikageuka. Kutoka mguuni na moyoni, puto likahamia kwenye mikono ya wagonjwa wa figo.

Inaenda hivi. Mgonjwa analala kwenye meza, mkono umenyooshwa. Anachomwa sindano ya ganzi pale pale mkononi, kwa kawaida hahitaji kulazwa usingizi mzito. Daktari anaingiza sindano ndani ya fistula na kupitisha dawa inayoonekana kwenye eksirei, na kwenye skrini anaona mkondo wa damu kama video: hapa njia ni pana, hapa imebanwa. Madaktari kwa kawaida huingilia kati mshipa ukiwa umebanwa zaidi ya nusu na kukiwa na dalili zinazomsumbua mgonjwa au mashine.

Kisha anapitisha waya mwembamba, laini, mpaka uvuke mahali palipobanwa. Juu ya waya huo anatelezesha mrija wenye puto lililokunjwa nchani. Likifika mahali pake linajazwa maji, wala si hewa, kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji. Maputo ya fistula mara nyingi huwa na upana wa milimita 5 hadi 8.

Usidanganywe na neno puto ukadhani ni yale ya bathidei. Tairi la gari dogo hujazwa kwa atmosfia 2 na kitu. Puto hili mara nyingi hupandishwa hadi 15 au 20, na mengine hufika 30, kwa sababu kovu la ndani ya vena ni gumu kama mkanda wa viatu. Linaachwa limejaa dakika moja au mbili, na hapo mgonjwa huhisi uchungu wa kubanwa, kisha linashushwa. Kwenye skrini unaona kile kiuno chembamba kimefunguka. Vyote vikienda sawa, kazi nzima inaweza kuisha ndani ya saa moja, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na fistula ikatumika kwa dayalisisi bila kungoja wiki.

Hatari zipo. Mshipa unaweza kupasuka, damu inaweza kuganda, mtu anaweza kuwa na mzio wa ile dawa ya eksirei. Ndiyo maana inataka mtu aliyefunzwa na chumba chenye vifaa. Lakini ukilinganisha na kutengeneza fistula mpya kwenye mkono mwingine, na kungoja miezi na mrija shingoni, unaona kwa nini puto hujaribiwa kwanza.

HALIMALIZI KAZI

Hapa lazima tuambiane ukweli, kwa sababu kuna familia huchanga pesa zikidhani ni safari ya mara moja. Puto hufungua njia karibu kila mara. Tatizo ni kwamba nyama hurudi. Kwa wagonjwa wengi, kadiri ya nusu, mshipa hubana tena ndani ya miezi 6 hivi na kuhitaji kufunguliwa upya.

Watafiti wamejaribu kuongeza muda huo kwa kulipaka puto dawa ya paklitakseli, ambayo hutumika pia kwa saratani, ili izuie ile nyama kuota. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 2020, uliofanyika Marekani, Japani na New Zealand kwa wagonjwa 330, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 mishipa asilimia 82 iliyotibiwa kwa puto lenye dawa ilikuwa bado iko wazi, dhidi ya asilimia 59 kwa puto la kawaida. Mwaka uliofuata, utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 212 haukuona faida hiyo. Kwa hivyo mtu akikuuzia puto lenye dawa kwa bei ya juu akikuapia kwamba ndilo mwisho wa matatizo, muulize maswali zaidi.

Kwa mgonjwa wa New York au wa Nairobi South B, kurudi kila miezi 6 ni usumbufu. Kwa mgonjwa wa Garissa ni kitu kingine kabisa.

KILOMITA 370

Kutoka hapa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370. Madogo, Ukasi, Mwingi, Matuu, Thika. Kwa basi ni saa sita na zaidi, ukihesabu vizuizi vya polisi ambapo kila mtu anashuka na kitambulisho mkononi. Hiyo ni kwa sisi wa Garissa town. Ukitoka Wajir unaongeza zaidi ya kilomita 300 kabla hujafika hapa, na wa Mandera ndiye msiseme. Dadaab nayo iko kama kilomita 100 kutoka mjini, na mkimbizi hawezi kuamka tu akapanda basi la Nairobi. Anahitaji kibali cha kusafiri kwanza.

Tusisahau tulikotoka. Kabla ya serikali kuanza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali mwaka wa 2015 na mashine za dayalisisi kusambazwa kwenye hospitali za kaunti, mgonjwa wa figo wa huku alikuwa anahamia Nairobi kabisa, akilala kwa watu wa ukoo Eastleigh mwaka mzima ili awe karibu na mashine. Bima ya NHIF ilipoanza kulipia vikao viwili kwa wiki, watu wengi walipata kupumua. Tangu Oktoba 2024 kazi hiyo iko chini ya SHA. Mashine kuja Garissa kulirudisha watu nyumbani kwa watoto wao.

Ila mashine ni nusu ya safari. Kitu kinachotengeneza na kutunza mshipa, yaani daktari wa upasuaji wa mishipa, daktari wa radiolojia anayetumia waya na puto, na chumba chenye eksirei ya moja kwa moja, vimebaki kwa sehemu kubwa Nairobi na miji mingine mikubwa. Kwa hivyo mgonjwa wetu anasafishwa nyumbani, lakini njia ya damu yake inatengenezewa mbali.

Chukulia ni abti yako. Alhamisi usiku anahisi mkono umetulia kidogo. Anafurahi, anaona leo atalala vizuri. Ijumaa ni swala na wageni. Jumamosi mkono umenyamaza kabisa lakini anasema atawaambia Jumatatu akienda kwa kikao chake. Jumatatu nesi anaweka vidole, anatafuta, hapati. Sasa damu imeganda siku mbili. Madaktari hupenda kuondoa damu iliyoganda mapema iwezekanavyo, ndani ya siku moja au mbili hivi. Baada ya hapo uwezekano wa kuokoa fistula unashuka. Familia inaanza qaaraan kwenye WhatsApp, pesa zinaingia Jumanne, basi ni Jumatano. Anafika Nairobi, anawekwa mrija shingoni, na fistula iliyochukua miezi kukomaa imekwenda.

Na hiyo ni wiki yenye jua na barabara kavu. Aprili 2024 Mto Tana ulipofurika, maji yalimeza barabara kati ya Madogo na Garissa. Watu walivuka kwa boti, na boti moja ikazama pale Kona Punda na kuua watu. Jiulize mtu aliyenyamaziwa na mkono wiki ile alipitia wapi.

Ungerudisha nyuma ile Alhamisi, hadithi ingekuwa tofauti. Na mara nyingi mshipa hauzibi kwa usiku mmoja. Huwa unatoa ishara kwa wiki kadhaa.

DAKIKA MOJA KILA ASUBUHI

Hii ndiyo sehemu ya kumsomea mzee nyumbani, kwa Kisomali kama Kiswahili hakimkai vizuri.

Gusa. Kila asubuhi na kila usiku, weka vidole juu ya fistula. Mtetemo laini unaoendelea ni habari njema. Ukififia kuliko jana, piga simu kitengo cha figo. Ukigeuka kuwa mpigo mkali wa du, du, du kama mshipa unapiga ukuta, pia ni dalili, maana yake huenda mbele kumezibwa na damu inagonga geti.

Sikiliza. Weka sikio karibu na mkono, au stethoskopu kama ipo. Kuna sauti ya upepo mrefu unaovuma bila kukatika. Ikiwa nyembamba kama filimbi, au ikikatika katika, mshipa umebana mahali.

Inua. Ukiinua mkono juu ya kichwa, fistula iliyo sawa hupungua, inalegea. Ikibaki imejaa na ngumu, damu inashindwa kutoka.

Angalia. Je, baada ya sindano kutolewa damu inachukua muda mrefu kukauka kuliko zamani? Je, mkono, bega au uso unavimba? Je, manesi wanahangaika kudunga, au alamu ya mashine inalia kila mara kwa ajili ya presha? Waulize wanachoandika kwenye faili. Namba za presha ya mashine zikipanda wiki baada ya wiki, ni ujumbe.

Mtetemo ukikosekana kabisa, hiyo ni dharura ya saa hiyo. Haingoji Jumatatu, haingoji kikao kijacho, haingoji mzee mkubwa wa familia atoke safarini. Usiukande mkono wala kuupaka dawa ya moto. Nenda hospitali.

Halafu kuna ulinzi wa kila siku. Mkono wenye fistula haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, hauwekwi dripu. Hauvai saa ya kubana, haubebi mtungi wa maji, haulaliwi. Na kama mtu ameambiwa figo zinashuka lakini hajaanza dayalisisi, linda vena za mikono yake kuanzia leo. Akilazwa, omba sindano ziwekwe nyuma ya kiganja inapowezekana. Vena zilizoharibiwa na dripu leo ni fistula iliyokosa mahali kesho.

JOTO LETU, CHAKULA CHETU

Ushauri mwingi wa figo umeandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Huku joto ni la kweli, na mgonjwa anaambiwa apunguze maji. Kati ya kikao na kikao mwili unajaza maji, kisha mashine inalazimika kuyatoa mengi kwa mara moja, na presha inaporomoka. Presha ikishuka sana, damu kwenye fistula inapita polepole, na hapo ndipo huganda. Wengi husafishwa mara 2 kwa wiki badala ya 3, kwa hivyo mzigo wa kila kikao ni mkubwa. Kusukutua mdomo, kutumia kikombe kidogo na kukaa kivulini mchana ni sehemu ya kutunza mkono.

Maziwa ya ngamia nayo ni maji, na yana potasiamu na fosforasi. Tende zina potasiamu nyingi. Hakuna anayesema mzee asionje kabisa, ila kiasi chake kijadiliwe na wataalamu wa kitengo, hasa Ramadhani inapokuja. Dini imeweka ruhusa kwa mgonjwa, na mazungumzo kati ya daktari na sheikh wa mtaa kabla ya mwezi kuandama ni bora kuliko mzee kuamua peke yake gizani.

KAUNTI INAWEZA NINI, NA SISI?

Kujenga chumba kizima cha eksirei ya mishipa katika kila kaunti ya Kaskazini Mashariki ni mradi wa pesa nyingi. Lakini kuna hatua za kati. Mashine ya ultrasaundi yenye Doppler inaweza kuonyesha mshipa uliobana na kupima kasi ya damu pale pale kitandani. Nesi wa kitengo cha figo anaweza kufunzwa kuitumia. Katika baadhi ya nchi, madaktari hata hufungua fistula kwa puto wakiongozwa na ultrasaundi pekee, bila eksirei.

Na wataalamu wanaweza kutengenezwa nyumbani. Tanzania haikuwa na mafunzo ya fani hii mpaka mwaka wa 2018, pale timu kutoka Chuo Kikuu cha Yale na kwingineko, chini ya mpango wa Road2IR, zilipoanza kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kufundisha madaktari na manesi wa pale pale. Baadaye chuo cha MUHAS kikafungua shahada ya uzamili ya radiolojia ya aina hiyo. Ni nchi jirani, ni lugha yetu, ni matatizo yale yale. Kaunti zetu tatu zingeweza kusomesha hata daktari mmoja kwa pamoja, au kupanga kliniki ya mishipa inayokuja Garissa kila baada ya miezi kadhaa, wagonjwa wakakusanywa kwa siku moja badala ya kila mmoja kujipandia basi lake.

Mkutano wa maoni ya bajeti ya kaunti ukitangazwa, wengi wetu huwa hatuendi kwa sababu ni maneno matupu na soda. Mwaka huu nenda, uliza jambo moja tu: wagonjwa wa dayalisisi waliopoteza fistula mwaka jana ni wangapi, na walichukua siku ngapi kufika kwa daktari wa mishipa? Swali lenye namba ni gumu kulikwepa.

Nyumbani pia kuna kazi, na wengi wetu vijana ndio tunaoifanya tayari: kupeleka mzee kikaoni, kushika foleni, kutuma M-Pesa. Ongezea haya. Weka namba ya kitengo cha figo kwenye simu yako na ya mzee. Piga picha ya kadi yake, barua ya rufaa na majibu ya vipimo, ili siku ya safari usitafute makaratasi chini ya kitanda. Uliza mapema, kabla shida haijatokea, hospitali gani Nairobi inafanya kazi ya puto, bei yake, na SHA inalipia kiasi gani. Kama familia ina ayuuto, ongeeni muweke mfuko mdogo pembeni wa nauli na rufaa, uwepo kabla ya dharura.

Na leo jioni ukipita kumsalimia, usiulize tu kama yuko poa. Atasema yuko poa, wazee wetu ndivyo walivyo. Muombe ruhusa, weka vidole vyako juu ya mshipa, hesabu hadi kumi. Ukishajua mtetemo wake wa kawaida ulivyo, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kujua ukibadilika.